Aliye Ndani Keshalipa

Mimi ni fundi cherehani. Napinda leso, nashona madera, na Januari ikikaribia nashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi. Kibanda changu kiko Malindi mjini, karibu na soko la zamani, lakini kwangu ni Msabaha, kwa hivyo riziki yangu yote inapitia barabara ya Mombasa. Asubuhi sina neno na mtu. Malindi ndio mwisho wa gari, kila mtu anashuka, hata aliyelala anaamshwa. Shida yangu ni jioni, kwa sababu jioni mimi ni mtu wa njiani.

Wasioijua njia yetu niwaeleze kidogo. Magari ya Watamu yakitoka Malindi hupita uwanja wa ndege, yakaja Msabaha, yakafika Gede, na hapo hukata kushoto kuelekea baharini. Ya Kilifi na Mombasa hupita huko huko, ila Gede hayapindi, hunyoosha na msitu wa Arabuko Sokoke ukiwa mkono wa kulia. Abiria wa Msabaha hapendwi na yeyote kati yao. Nauli yake ndogo, anakalia kiti cha mtu wa mbali, na akishashuka kiti chenyewe huenda kikabaki kitupu safari nzima. Saa kumi na moja, steji ikiwa imejaa watu, makanga atakwambia waziwazi, "Mamangu, hii ni Kilifi moja kwa moja." Ikifika saa moja na gari halijajaa, yule yule anakupokonya mkoba akuwekee ndani. "Ingia mama, ingia, Msabaha tutakushusha."

Unaingia. Hujakaa sawa, mkono wa makanga ushafika usoni: nauli. Unatoa pesa, au unatuma kwa M-Pesa na kumwonyesha ujumbe. Mkishapita uwanja wa ndege unaanza kujitayarisha, mkoba begani, furushi mapajani. Ukiziona taa za maduka unasema, "Konda, steji." Makanga yuko kwenye simu. Unasema tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyelea watoto wanne: "Shukisha hapo!" Sasa kasikia. Anainua kichwa, anachungulia nje, na kabla ya kupiga bati anatazama kwanza kama kuna mtu amesimama barabarani. Hakuna mtu. Gari linapita duka la kwanza, linapita la mwisho, linapita mkwaju, linakuja kusimama mahali pasipo nyumba wala taa. "Haya mama, haraka haraka." Mimi ndiye ninayeambiwa haraka!

Kurudi nyuma usiku na furushi la sare kichwani si jambo la kusimulia kwa kucheka. Kando ya lami hakuna njia ya miguu, kuna mchanga na vichaka, na magari ya mbele yanakuja na taa kali mpaka hujui unakanyaga nini. Ukiita bodaboda, kile ulichobakisha kwa kupanda matatu kinakwenda hapo. Mara nyingi ninaloumia nalo si hata pesa. Ni kwamba nilisema mapema, nikasema vizuri, na gari zima lilinisikia.

Watu husema ni muziki. Kweli muziki upo, na spika nyingine zimefungwa chini ya kiti cha nyuma kabisa, ukikaa hapo unasikia bezi kwenye uti wa mgongo. Pia ni kweli kwamba ombi la abiria lina safari ndefu kabla halijamfikia dereva. Wewe unamwambia makanga, makanga anapiga bati, dereva anasikia bati. Kwa magari yetu kofi moja ni simama, mawili ni twende. Makanga akiwa anahesabu chenji, au ananing'inia mlangoni akiwaita watu wa upande wa pili, ule mlolongo unakatika katikati na sauti yako inabaki kwako. Kuna mabasi mengine yana vidude vya kubonyeza juu ya dirisha, vya kupigia kengele. Nilipanda moja la namna hiyo, nikabonyeza, nikabonyeza tena, makanga akanitazama kwa huruma: "Hiyo ni pambo, mama."

Lakini muziki hauelezi jambo moja, na jambo lenyewe kila mtu wa njia hii kaliona kwa macho yake. Gari lile lile, dereva yule yule, nyimbo zile zile, mwendo ule ule. Mwanamke kasimama chini ya mwembe na kikapu chake. Hakupiga kelele, kainua kidole tu. Breki zinalia, abiria tunagongana vichwa, gari limesimama. Na kama limempita, linarudi nyuma. Linarudi kinyumenyume kwenye barabara kuu, makanga akikimbia pembeni huku anapunga mkono, malori yakipiga honi, ili achukuliwe mtu mmoja aliyebaki nyuma kama uwanja mzima wa mpira. Sijawahi kuona matatu ikirudi nyuma hatua kumi kumrejesha mtu iliyempitisha.

Tofauti ya yule mama wa mwembeni na mimi ni moja. Yeye bado hajalipa.

Hilo ndilo ninalotaka kuliandika leo, na nimelifikiria sana nikiwa kwenye cherehani, maana kazi ya kupinda leso inaacha kichwa huru. Sisi tulio ndani tunalalamika kwamba hatusikiki. Tunasikika sana. Ila nauli yetu iko mfukoni mwa mtu tayari, na kila sekunde ya kutushusha ni hasara kwake: gari la nyuma linakaribia, abiria wa mbele atachukuliwa na mwingine, na breki, mafuta na gia vimetumika bila kuingiza hata shilingi. Tungekuwa tunalipa tukishuka, steji ya Msabaha ingekuwa inapigiwa bati kabla sijafungua mdomo.

Nilimpelekea maneno haya mtoto wa shangazi yangu. Yeye ni dereva, aliwahi kuendesha njia hii kabla hajahamia upande wa Mambrui na Gongoni. Alikuja kwangu Jumapili, nikampa chai na mahamri, nikamwacha ashibe kwanza, ndipo nikaanza. Hakukasirika. Aliniambia gari si lake, mwenye gari ana hesabu yake ya kila jioni, na hiyo hesabu haijui kama leo kulinyesha au kulikuwa na msiba. Mafuta ni juu ya dereva na makanga. Kinachobaki baada ya hapo ndicho wanachogawana, na siku nyingine wanagawana soda.

Halafu akanigeuzia kibao. "Dada, na nyinyi abiria mnasema kwa kuchelewa. Mtu amelala, anashtuka, anaona duka lake dirishani, ndio anapiga kelele. Hapo nisimame vipi?" Mwanangu aliye sekondari alikuwa anasikiliza, akadakia kwa hesabu. Kilomita 80 kwa saa, ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa matatu, ni mita 22 kila sekunde. Akapekua simu, akaona mwongozo wa madereva wa Uingereza unasema gari dogo likienda mwendo huo linahitaji mita 53 mpaka lisimame kabisa, na hapo breki ni nzima na lami ni kavu. Sasa weka watu 14, mizigo juu, magunia nyuma, na mvua ya masika. Mtoto wa shangazi akampa mkono. Nami nikakubali: anayesema "hapo" akiwa pale pale amechelewa, na akishushwa mbele asimlaumu mtu.

Lakini mita hamsini na tatu si kilomita. Nikamuuliza, basi yule wa mwembeni mnamsimamia vipi, hana mita zake? Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Yule nimemwona tangu mbali, dada. Macho yangu yako kando ya barabara. Ndani natazama nini? Ndani nishajua nina nani."

Ndani nishajua nina nani. Nilimwambia hilo jibu lake litamfikisha pabaya siku ya kiyama, akaomba hamri jingine.

Tusidhani serikali haijawahi kuyagusa magari haya. Februari 2004 zilipoanza kanuni tunazoziita za Michuki, marehemu John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, tuliona mambo. Mikanda kila kiti, kidhibiti mwendo, abiria 14 basi, mstari wa manjano ubavuni, dereva sare ya buluu na makanga sare ya maruni. Mafundi tulipata kazi siku zile, sitasahau. Mwaka 2012 ikaundwa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Mwaka 2014 ikaja kanuni kwamba matatu isitembee peke yake, iwe ndani ya sako, yaani chama cha ushirika cha wenye magari, au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, ili dereva akikosea kuwe na mlango wa kubisha. Novemba 2018 msako ukarudi kwa nguvu, magari yakajificha, watu wakatembea kwa miguu. Yote haya yalihesabu viti, yakapima mwendo, yakachagua hata rangi ya shati.

Mlango wa kubisha nimeubisha. Nilikwenda ofisi ya sako moja, nikaandikisha malalamiko, kijana wa mezani akawa mpole sana, akaniuliza namba ya gari. Nimeshushwa gizani, gari limeniachia vumbi na moshi, na furushi liko kichwani, namba nitaisomaje? Akaandika, "Namba haijulikani." Nikashukuru, nikarudi kazini.

Kanuni nyingine, ya makosa madogo ya barabarani ya mwaka 2016, inasema dereva akipakia au akishusha mahali pasipo steji, faini 1,000. Na abiria anayepanda au kushuka mahali kama hapo naye 1,000. Sina ugomvi nayo, nimeshaona ajali za gari kusimama kwenye kona. Ila makanga wanaijua kwa upande mmoja tu. Ukiomba kushuka kwenye mkwaju, "Hapa si steji mama, trafiki watatushika." Hatua chache mbele kijana katoka kichakani na begi, na hapo pamegeuka steji mara moja. Trafiki mwenyewe akiinua mkono, hilo gari lisilo na breki linasimama pale pale alipo, bila mita hamsini na tatu.

Sasa niwasimulie habari ya bibi mmoja, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kupigana vita hivi, ingawa sidhani kama alikuwa na nia ya kumfundisha mtu.

Ilikuwa msimu wa maembe, gari la Watamu, tumebanana. Bibi alikuwa amekaa kiti cha dirishani nyuma ya dereva, Mgiriama wa makamo yaliyopita, ushanga mwembamba shingoni, na bahasha kubwa ya hospitali ameishika kwa mikono miwili isikunjike. Chini ya miguu yake kiroba. Tulipokaribia kwake alisema, "Mwanangu, nishushe hapo mbele kwenye njia ya shule." Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Hakuna aliyesikia ila mtoto wa shule aliyesimama karibu yake. Mtoto akapaaza: "Bibi anashuka!" Mwanamume wa nyuma akadakia, "Dere, bibi anashuka!" Kisha gari zima, "Shukisha bibi! Shukisha bibi!", watu wanapiga bati, mama mmoja mwenye ndoo ya samaki anagonga kioo kwa sarafu. Gari likasimama. Lakini lilisimama mbali, njia ya shule tumeiacha nyuma kitambo.

Makanga akafungua mlango. "Haya bibi, karibu."

Bibi akatazama nje. Akatazama tena, taratibu, kama anayetafuta mlango wa nyumba yake kwenye vile vichaka. Kisha akaegemea kiti. "Hapa si kwangu," akasema. "Nirudishe."

"Bibi, si mbali, ni hapo nyuma tu."

"Kama si mbali, nirudishe."

Watu wakacheka, wakamshangilia. Makanga akabembeleza, akamwita bibi, akamwita nyanya, akashika kiroba amshushie, bibi akakikanyaga kwa mguu. Dereva akapiga honi, sijui alikuwa anampigia nani. Na hapa nitasema jambo lisilotupendeza sisi abiria: dakika mbili tatu zilipopita, kicheko kiliisha. Mwanamume yule yule aliyepaaza "bibi anashuka" akaanza, "Bibi naye, ashuke tu tuende, tumechelewa." Mwingine akasema magharibi inaingia. Tulikuwa upande wake kwa kelele, lakini si kwa muda wetu. Mimi nilinyamaza tu, furushi mapajani.

Aliyemaliza mambo ni yule mama wa samaki. "Basi mwacheni akae," akamwambia makanga. "Twende naye Watamu, arudi na nyinyi bure. Na kiti hicho hapakai mtu mpaka arudi." Makanga akakitazama kiti. Pale Gede siku ile kulikuwa na watu wanangoja, kila mtu alilijua hilo, na kila mtu aliona anavyopiga hesabu usoni. Akaita bodaboda iliyokuwa inapita, akatoa pesa mfukoni mwake mwenyewe, akamlipa kijana, akampakia bibi na kiroba na bahasha. Bibi akamwombea dua, kwa unyoofu kabisa, na akaondoka.

Hakupiga kelele hata mara moja. Alikalia kiti. Mtu aliyelipa akishuka ameondoka na maneno yake. Mtu aliyelipa akikataa kushuka amekalia pesa ya mtu wa Gede.

Mimi sina moyo wa kukaa kama bibi, na nyumbani nina watu wanaongoja kula. Kwa hivyo nimechukua njia nyingine. Silipi mpaka nizione taa za maduka. Makanga akija, namwambia, "Nitakupa nikishuka, mwanangu." Wengine wanakubali, wengi wananuna, mmoja alinitangaza kwa gari zima kwamba mama huyu hana nauli. Nikafungua simu, nikaandika namba yao ya malipo, nikaandika kiasi, nikabakisha namba ya siri tu, nikamwonyesha. "Hii hapa. Gari likisimama nabonyeza." Alipiga bati mwenyewe, na dereva alisimama mbele ya duka kabisa, karibu niteremkie ndani ya debe la unga.

Nimewaambia na wenzangu wa Msabaha, na baadhi wameanza kufanya vivyo hivyo. Mwalimu mmoja jirani yangu anasema si haki, kuna makanga waungwana, na kuna abiria wanaoruka wakakimbia bila kulipa, ndiyo maana wenye magari wanataka pesa mapema. Kweli wapo. Mimi mwenyewe nawajua wawili.

Ila mambo yameanza kujibiwa. Juma lililopita nilikuwa naingia gari steji ya Malindi, saa kumi na mbili na ushei, makanga akaniona, akamgeukia manamba, yule mpigadebe wa steji, akacheka: "Huyo ni wa Msabaha, wa kulipa akishuka. Mwache." Mlango ukafungwa mbele ya pua yangu. Nikaweka furushi chini, nikakaa juu yake. Gari la pili lilikuwa limebakisha viti vitano na hakuna abiria steji nzima ila mimi.

"Msabaha, mama?" akaniuliza makanga.

"Msabaha. Nalipa nikishuka."

Akavitazama vile viti. "Ingia."